Malafyale, Rais na Amana ya Uongozi: Kukisoma Upya Kitabu cha Monica Wilson

  

Kila unapokaribia uchaguzi, swali moja hurudi misikitini: Je, kiongozi apimwe kwa dini yake au kwa uadilifu wake? Katika wilaya kama Rungwe, ambako Waislamu ni wachache baina ya Wamoraviani, Walutheri na wengineo, swali hili si la darasani tu. Linagusa ujirani, shule za watoto wetu na hata kiwanja cha makaburi. Kwa sababu hiyo tumeona ni vyema kukirejea kitabu ambacho wanafunzi wetu wa historia hukitaja sana, nacho ni Communal Rituals of the Nyakyusa cha Bibi Monica Wilson, kilichochapishwa mwaka 1959. Tutaeleza kilichomo, tutasema palipo na sifa, kisha tutakipima kwa mizani ya elimu yetu.

Mwandishi huyu alizaliwa Afrika Kusini katika nyumba ya wamisionari. Yeye na mumewe, Godfrey Wilson, walikaa na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, wakajifunza lugha yao na kuandika waliyoyaona na kuyasikia. Mumewe alifariki mwaka 1944, naye akaendelea na kazi peke yake. Kitabu hiki kilitanguliwa na vingine viwili, cha mwaka 1951 juu ya vijiji vya marika na cha mwaka 1957 juu ya mila za ukoo. Hiki cha tatu kinahusu ibada za jumuiya, yaani mahali ambapo dini na utawala vilikutana.

Kwa mujibu wa kitabu, kila nchi ndogo ya Unyakyusa ilikuwa na malafyale, yaani mtawala wake. Juu ya hao alikuwapo Lwembe, aliyekaa Lubaga, ambaye uzima wa mwili wake ulidhaniwa kuwa ndio uzima wa mvua, mazao na ng'ombe. Masimulizi aliyoyakusanya mwandishi yanasema kwamba Lwembe alipougua sana hakuachwa afe kifo cha kawaida; wazee walimziba pumzi, ili udhaifu wake usiiangukie ardhi. Ndiyo maana waliostahiki kurithi cheo hicho walikikimbia, ikabidi wakamatwe.

Jambo la pili, ambalo kwetu ndilo lenye faida kubwa zaidi, ni habari za amafumu. Hawa walikuwa wakuu wa vijiji, nao walichaguliwa miongoni mwa watu wa kawaida wasiokuwa wa ukoo wa malafyale. Katika sherehe ya ubusoka, kizazi kipya cha watawala kilipotolewa hadharani na kukabidhiwa nchi, wao ndio waliosimama pamoja na mtawala mpya. Malafyale aliwaogopa. Watu waliamini kwamba hasira ya haki ya wanakijiji, ambayo mwandishi anaieleza kwa neno la wenyewe lenye maana ya pumzi, humfikia mkosaji na kumtia maradhi, hata akiwa ni mtawala.

Hapa tunampa mwandishi haki yake. Wamisionari wa Berlin na wa Kimoravian walipofika mwaka 1891, na baada yao maofisa wa Kijerumani waliouita mji wa Tukuyu Neu Langenburg, wengi wao walimwona Mwafrika kama mtu asiyekuwa na siasa wala dini. Bibi Wilson amethibitisha kinyume chake. Hata mwanachuoni wetu Ibn Khaldun (aliyefariki mwaka 808 Hijria) aliwajibu wanafalsafa waliodai kuwa watu hawawezi kuwa na utawala ila kwa sharia ya Mtume. Alisema kuwa mataifa mengi yasiyo na kitabu yamekuwa na dola na athari kubwa, na kwamba kinachoshikamanisha utawala ni asabiyya, yaani mshikamano wa watu. Rungwe ya kale ni ushahidi mmoja wa kauli hiyo.

Hata hivyo, tuna hoja tatu dhidi ya kitabu.

Hoja ya kwanza ni ya kihistoria. Msomaji akikifuata kitabu bila tahadhari, atadhani kuwa mila hizi zilikaa vilevile karne kwa karne. Simon Charsley, katika utafiti wake uliotoka mwaka 1969 juu ya watawala wa Unyakyusa, alikwisha kutanabahisha kuwa mambo yao yalikuwa yakibadilika, na kwamba picha aliyoichora Bibi Wilson imetulia mno. Nasi twaongeza hili: baada ya sheria ya mwaka 1926 ya utawala wa wenyeji, malafyale aliwekwa chini ya mkuu wa wilaya wa Kiingereza na akalipwa mshahara. Mtawala ambaye riziki yake inatoka bomani haogopi tena pumzi ya wanakijiji. Jina la cheo lilibaki, bali kizuizi chake kilidhoofika. Mwaka 1963, serikali ya Tanganyika huru ilipoufuta utawala wa machifu, kilichofutwa kilikuwa kimekwisha kupoteza sehemu kubwa ya roho yake.

Hoja ya pili ni ya itikadi. Mwandishi anaeleza kuwa Kyala alikuwa shujaa wa kale anayetajwa pamoja na Lwembe, na kwamba wamisionari walilichukua jina hilo wakalifanya kuwa jina la Mungu Muumba. Habari hii ni nzito, lakini anaipita kama jambo la msamiati. Kwa mwanafunzi wa tauhidi, hapa ndipo penye mas'ala. Muumba hafi, na uzima wake hautegemei pumzi ya mtawala wala kucha na nywele zake. Kumfanya binadamu kuwa chanzo cha mvua ni kumbebesha asichokiweza, kisha kumuua kwa kushindwa kwake. Uislamu umemtoa mtawala katika hatari hizo mbili: haabudiwi, na hadhulumiwi.

Hoja ya tatu ndiyo kiini. Katika kitabu chote dini inapimwa kwa kipimo kimoja, nacho ni kama inawaunganisha watu au haiwaunganishi. Mtazamo huu haukuishia Rungwe. Mwaka 1967 msomi wa Kimarekani Robert Bellah aliandika juu ya dini ya kiraia ya nchi yake. Katiba ya Marekani, katika ibara ya 6, inakataza kumtaka mtu awe na dini fulani ili apewe cheo. Pamoja na hayo marais wao kwa desturi huapa mkono ukiwa juu ya Biblia, na mwaka 1956 nchi iliifanya kuwa wito wake rasmi kauli ya kumtegemea Mungu. Mwaka 1960 John Kennedy alilazimika kuwaeleza wachungaji wa Kiprotestanti mjini Houston kwamba Ukatoliki wake hautamfanya mtumishi wa Papa. Mwaka 2008 Barack Obama, ambaye babu yake wa Kogelo nchini Kenya alisilimu, alizushiwa kuwa ni Muislamu kana kwamba hilo ni kosa la jinai. Basi sheria inasema dini si sharti, bali mazoea yanaitaka dini ionekane, na iwe ile iliyozoeleka. Lubaga na Washington ziko mbali, lakini katika zote mbili dini huvishwa mtawala ili watu watulie.

Sisi tunasema kuwa dini haikuja kuwa joho la mtawala, bali kuwa hakimu wake. Al-Mawardi (aliyefariki mwaka 450) alipotaja masharti ya uimamu mkuu alitanguliza uadilifu. Ibn Taymiyya (aliyefariki mwaka 728) aliujenga uongozi juu ya nguzo mbili, nguvu na uaminifu, akitegemea aya ya 26 ya Suratul-Qasas. Katika aya ya 58 ya Suratun-Nisaa tumeamrishwa kuzifikisha amana kwa wenyewe na kuhukumu baina ya watu kwa uadilifu. Abu Bakr (R.A.), alipochukua ukhalifa, aliwataka watu wamnyooshe akipotoka. Aliyoyaogopa malafyale kwa kudhani kuwa ni pumzi, khalifa aliyataka kwa ulimi wake, hadharani.

Huenda msomaji akauliza: Je, hapa petu, ambapo dola si ya Kiislamu, maneno haya yana kazi gani? Jawabu ni kuwa mas'ala haya si mageni katika fiqhi. Al-Mawardi aliruhusu asiyekuwa Muislamu kuwa waziri wa utekelezaji, akamzuia kuwa waziri mwenye mamlaka kamili, naye Al-Juwayni akampinga hata katika hilo la kwanza. Ikhtilafu hiyo ni ya dola ya Kiislamu. Ama wachache wanaoishi chini ya wengine, mfano wao wameachiwa na Mtume (S.A.W.) mwenyewe, pale alipowaelekeza sahaba wake Habasha. Sababu aliyoitaja ni kuwa kwa Najashi hakuna anayedhulumiwa. Wakati huo Najashi alikuwa mfalme wa Kikristo. Alipimwa kwa uadilifu wake, na Waislamu wakaishi kwake kwa amani na bila ya kuficha itikadi yao.

Katiba yetu ya mwaka 1977 inalinda uhuru wa dini katika ibara ya 19, na ibara ya 20 inazuia chama cha siasa chenye lengo la kukuza dini fulani. Tumeongozwa na marais Wakristo na Waislamu, na hakuna sheria ya zamu baina yao. Hivyo imamu asiyesema lolote ila kwamba fulani ni wetu, hakufundisha kitu. Zohran Mamdani, aliyezaliwa Kampala mwaka 1991, alipoapa kwa Msahafu kuwa meya wa New York mwezi Januari 2026, wengi katika Afrika Mashariki walifurahi. Furaha haikatazwi, lakini Siku ya Kiyama ataulizwa juu ya amana yake kama atakavyoulizwa meya mwingine yeyote.

Limebaki jambo la karibu zaidi. Mgombea huja msikitini na mifuko ya saruji au mabusati, akaombewa dua mbele ya watu. Mtume (S.A.W.) alimkemea Ibn al-Lutbiyya, mkusanyaji wa zaka aliyejitengea zawadi, akauliza kama angezipata lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake. Kipimo hicho na kigeuzwe: Je, saruji hii ingeletwa lau pasingekuwa na uchaguzi? Ikiwa jawabu ni hapana, imamu airudishe kwa adabu. Msikiti wa udongo usiodaiwa na mtu ni bora kuliko wa saruji uliouza ulimi wa imamu wake. Amafumu wa Rungwe waliweza kumzuia malafyale kwa sababu hawakuwa watu wa nyumba yake. Imamu naye akishaingia katika nyumba ya mgombea, hana tena cha kumwambia.

Kitabu cha Bibi Wilson kisomwe, basi, kwa habari zake na kwa tahadhari. Tunamuomba Allah atupe viongozi waadilifu, na atupe ndimi za kuwanasihi. Wallahu a'lam.