Amekufa au Ameuawa? Msomaji na Riwaya ya Upelelezi

Wahakiki wengi wameisoma riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale (1960), chini ya kivuli cha Sherlock Holmes: Bwana Msa ana kiko chake, na Najum ndiye Watson wake. Ulinganisho huo ni wa haki, lakini hauelezi kwa nini msomaji hukesha na kitabu.

Maiti ya Bwana Ali yaonekana penye mizimu. Ikisemwa “amekufa”, mizimu yatosha kuwa jibu. Ikisemwa “ameuawa”, kauli ya kutendwa yadai mtendaji, naye hajatajwa. Taharuki yote imo katika pengo hilo.

Msomaji wa Kamina hahitaji Conan Doyle ili alione. Katika vilio vya Baluba swali “nani?” husikika mara nyingi, na ulozi hutajwa upesi. Bwana Msa alipokea swali lilo hilo, ila adai ushahidi. Hapo riwaya yapita burudani: yamzoeza msomaji kutomhukumu jirani kwa uvumi. Ladha ya wasomaji, basi, yastahili kuchunguzwa, si kubezwa.