Njozi na Wasomaji wa Bara: Riwaya Zetu Kongwe Zikisomwa Kutoka Lwakhakha

Wahakiki wa riwaya ya Kiswahili wamezoea kuuliza swali moja kabla ya mengine yote: kitabu hiki kinatueleza nini juu ya jamii? Swali hilo ni jema, wala makala haya hayakusudii kulipinga. Lakini lina kasoro moja, kwamba huanza pale ambapo msomaji ameishia. Kabla hajaulizwa maana, msomaji huwa amekwisha kupenda au kuchukia, na aghalabu, kwa riwaya zinazotajwa hapa, amependa na kuchukia kwa pamoja. Nia yangu ni kuichunguza hali hiyo ya moyo wenye pande mbili, nikimtazama msomaji ninayemfahamu zaidi kuliko wengine, yaani yule wa Lwakhakha, mji ulioko mpakani mwa Kenya na Uganda chini ya Mlima Elgon. Kiswahili kwake ni lugha ya darasani, sokoni na kituo cha forodha, wala si lugha ya jikoni kwa mama yake.

Jambo la kwanza la kutambua ni kwamba kwetu sisi rafu ya vitabu vikongwe na rafu ya vitabu vya njozi ni rafu moja. Msomaji wa Kiingereza aweza kuziweka mbalimbali: Dickens huku, Tolkien kule. Msomaji wa Kiswahili hana nafasi hiyo. Vitabu vilivyomfungulia mlango vilikuwa tafsiri za Frederick Johnson na wenzake za hadithi za visiwa, hazina na majini, zikiwamo Mashimo ya Mfalme Sulemani na Safari za Gulliver. Vilivyofuata ni vya Shaaban Robert: Kusadikika mwaka 1951, Adili na Nduguze mwaka 1952, na Kufikirika kilichotolewa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Anayesema kwamba riwaya ya njozi ni ugeni katika Kiswahili hajauangalia msingi wa nyumba anamoishi.

Tuanze na Mashimo ya Mfalme Sulemani, kwa sababu kitabu hiki kina uhusiano wa ajabu na mlima wetu. Mwaka 1883 Joseph Thomson alifika Elgon akayaona mapango makubwa, akadhani yamechimbwa na watu. Taarifa ya safari yake ilitolewa mwaka 1885, mwaka ule ule ambao Rider Haggard alitoa riwaya yake ya mashimo ya almasi. Sidai kwamba mmoja alimwazima mwenzake. Nasema tu kwamba mzungu msafiri na mzungu msimulizi waliyatazama mapango ya Afrika kwa jicho moja: hapana budi kuna kitu cha thamani ndani, na hapana budi kilichimbwa na mtu mwingine, asiwe mwenyeji. Ukweli wa mapango ya Elgon una maajabu kuliko riwaya hiyo. Katika pango la Kitum, upande wa Kitale, tembo wamekuwa wakiingia gizani usiku kukwangua kuta kwa pembe zao wapate chumvi. Haggard angeliandika hivyo, wahakiki wangesema amezidisha chumvi!

Sasa mtoto wa Lwakhakha akisoma tafsiri ya Johnson atafurahi. Sina haja ya kulificha hilo. Safari ya jangwani, ramani ya kale, jiwe linaloshuka na kuziba njia, hayo ni mambo ya kumkosesha mtu usingizi. Akisha kukua kidogo ataona kwamba katika pango lile wamewekwa Waafrika wawili wa kufa: Gagool, kikongwe mchawi, na Foulata, msichana mwema aliyempenda Mwingereza. Tena msimulizi hakioni kifo cha msichana huyo kuwa hasara tupu, maana kimemwondolea mwenzake tatizo la ndoa. Hapo ndipo furaha inapoingiwa na mchanga. Wahakiki wa miaka ya sabini walitushauri tukitupe kitabu cha namna hii. Nadhani walikosea njia ingawa walijua waendako. Furaha ya utotoni haifutwi kwa azimio, na mtu aliyefurahishwa na kitabu kinachomdharau ana jambo kubwa la kujifunza juu ya nguvu ya hadithi kuliko yule aliyekingwa nacho.

Kwa Shaaban Robert utata ni wa aina nyingine. Kusadikika ni nchi inayoelea angani. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kufundisha sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, Mbinguni na Ardhini zikiwamo, wakarudi na mema wakafungwa gerezani. Hakuna mto wenye jina, hakuna zao la shambani unaloweza kulinusa, na watu wanabeba majina ya sifa zao kama vibandiko. Msomaji aliyezoea mto Lwakhakha, ambao unajulikana unakotoka, nani alisombwa nao, na mahali pa kuvuka maji yakijaa, hujikuta akielea pamoja na nchi yenyewe. Isitoshe, ufasaha wa lugha humfanya ajione mgeni mara mbili: mgeni wa nchi ile na mgeni wa lugha inayoisimulia. Wako wanafunzi wengi waliokariri majina ya wajumbe kwa ajili ya mtihani bila ya kumpenda hata mmoja wao.

Hata hivyo ukosefu huo wa mahali ndio ulioiokoa riwaya. Iliandikwa chini ya utawala wa Waingereza, na mwenye kusoma aliweza kuiona serikali aijuayo bila ya mwandishi kuitaja. Baada ya uhuru ikasomeka upya, na kwa usahihi ule ule, dhidi ya watawala wengine. Riwaya ya uhalisia iliyofungwa katika wilaya moja na mwaka mmoja haipati bahati hiyo kwa urahisi. Kwa hiyo namlaumu mwandishi kwa kuninyima udongo, na papo hapo nakiri kwamba kwa kuninyima amenipa kitabu kinachovuka mpaka bila ya pasi. Sijaweza kuzipatanisha hukumu hizi mbili, wala sioni sababu ya kujilazimisha.

Adili na Nduguze hakinitatizi hivyo. Asili yake ni kisa cha Alfu Lela Ulela ambamo ndugu wawili wahaini waligeuzwa mbwa. Shaaban Robert amewageuza manyani. Badiliko dogo, lakini tazama kazi yake: mbwa akipigwa kila usiku hulia kama mbwa, bali nyani ana mikono na uso unaokaribia wetu, na huruma ya msomaji haina pa kukimbilia. Hapo mwandishi hakuhubiri, alichagua mnyama. Laiti angechagua hivyo mara nyingi zaidi.

Juu ya riwaya za kimajaribio nitasema kwa ufupi, kwa kuwa zimeandikiwa mengi. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Kezilahabi, Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed na Bina-Adamu! (2002) ya Wamitila zimeirudisha njozi katikati ya uwanja. Naziheshimu zote. Lakini Nagona hunitendea kama mwenyeji anayezungumza na wageni wengine waliosoma vyuo vingi, mimi nikiwa nimeketi pale pale. Babu wa Said Ahmed Mohamed hanitendei hivyo: amekufa, amerudi, ana jambo la kudai kwa mjukuu wake, nasi twajua tangu utotoni kwamba wafu hurudi kwa ajili ya madai. Naye Dzombo wa Mkangi, arukaye hadi Walenisi, sayari ambayo jina lake ni kusema tu "wale ni sisi", ni jirani wa karibu wa Karama. Mwandishi aliyepata kuwekwa kizuizini katika miaka ya themanini alikuwa na sababu yake ya kuitafuta nchi ya haki nje ya dunia.

Ninalolipima hasa ni hili. Mwaka 1970 Tzvetan Todorov alieleza kwamba fantasia hukaa katika kusita kwa msomaji, asijue kama tukio lina maelezo ya kimaumbile au la. Maelezo hayo hayafai bila ya marekebisho kwa wasikilizaji wa ngano za Kibukusu. Wao hawasiti juu ya kuwako kwa linani, zimwi wa huko kwetu. Wanachosita ni kama kijana mtanashati aliyekuja kuposa ni mtu au siye. Vivyo hivyo Mango, aliyemwua nyoka mla watu ndipo akatahiriwa, hana shaka yoyote: ana mwamba unaoitwa kwa jina lake, Mwiala wa Mango, na kumbukumbu yake hurudi kila mwaka wa shufwa wakati wa jando. Njozi yetu ina mahali na ina kalenda.

Njozi ya namna hiyo haijaingia bado katika riwaya ya Kiswahili kwa uzito unaostahili. Ng'ambo ya mto Timothy Wangusa aliandika Upon This Mountain mwaka 1989, kijana wake Mwambu akitamani kuigusa mbingu kutoka mlima huu huu, lakini aliandika kwa Kiingereza. Ken Walibora, mwana wa magharibi ya Kenya aliyefariki mwaka 2020, alituthibitishia kwa Siku Njema (1996) kwamba Kiswahili cha bara chaweza kubeba riwaya inayopendwa nchi nzima, ila yeye alishika njia ya uhalisia. Nafasi iliyobaki kati ya hao wawili ni pana.

Atakayeiingia atakutana na tatizo la lugha kwanza. Nimeandika hapo juu "zimwi wa huko kwetu", na tafsiri hiyo hainiridhishi. Zimwi la pwani lina historia yake, likiambatana na majini, mizimu na methali. Linani hana majini wa kuambatana nao, na wingi wake, kamanani, humtisha mtoto kwa sauti yake tu. Akiitwa zimwi, atavishwa kanzu isiyo yake. Akiachwa linani, msomaji wa Tanga atahitaji kurasa kadhaa kabla hajaogopa. Mimi ningemwacha linani, na kurasa hizo ningempa.