Vitenzi Vinne Ukutani

Kwenye korido ya jengo ninalofanyia kazi umetundikwa mtungi mwekundu wa kuzimia moto. Kwa miaka niliupita kama mtu anavyopita msumari. Siku moja umeme ulikatika, lifti ikagoma, nami nikabaki pale nikivuta pumzi. Nikausoma mtungi ule kutoka juu hadi chini, kama ninavyosoma shairi. Maudhui yake sina ugomvi nayo. Kilichonisumbua ni fani.

Kiini cha maandishi yale ni picha nne, kila moja na kitenzi chake: toa pini, elekeza motoni, bana mkono wa mtungi, peperusha huku na huku. Kwa Kiingereza vitenzi hivyo vimechaguliwa kwa hila njema, maana herufi zake za kwanza zikiunganishwa zinazaa neno PASS. Aliyebuni mpango huo alijua kwamba siku ya moto hakuna atakayesimama kusoma. Andiko lazima liwe limeshahama ukutani na kuingia kichwani. Tatizo ni kwamba hila hiyo haivuki mpaka wa lugha. Ukishatafsiri, herufi zinatawanyika na kamba iliyofunga mzigo inakatika.

Tafsiri za kiofisi hazijasuka kamba nyingine. Hupenda vitenzi virefu: ondoa, elekeza, kandamiza. Hesabu mizani: tatu, nne, nne. Ulimi wa mtu aliyeshikwa na hofu hauna nafasi ya mizani hizo. Lakini Kiswahili kina hazina ambayo Kiingereza hakina. Vitenzi vyetu vya asili ya Kibantu, vikiwa katika hali ya kuamuru, huishia na irabu a. Kina kinakuja bure, bila mtunzi kukitafuta: vuta, lenga, bana, fagia. Mizani mbili, mbili, mbili, kisha tatu. Kitenzi cha mwisho kinarefuka kidogo, na ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa tendo lake ndilo pekee linalorudiwa. Mtoto wa darasa la pili anaweza kuuimba mstari huo akiruka kamba.

Tutazame na maana. Fagia ndiyo sitiari pekee katika andiko zima, na ni sitiari iliyokaa mahali pake. Kila aliyekulia kwenye ua wa mchanga anaujua mkono wa ufagio: unakwenda kushoto, unarudi kulia, uko chini daima. Hakuna afagiaye hewani. Neno moja limebeba mwendo, upana na kimo.

Kinyume chake ni neno chanzo. Mara nyingi tunaambiwa tuelekeze mpira kwenye chanzo cha moto. Kwa Mswahili, chanzo ni sababu: hitilafu ya umeme, mshumaa ulioachwa, kibiriti mikononi mwa mtoto. Msomaji mtiifu atageuka mpelelezi, atafute moto umeanzia wapi. Kinachokusudiwa ni pale ndimi za moto zinaposhikana na kitu kinachoungua. Hapo neno letu ni shina. Ndimi za juu ni majani, na mti hauangushwi kwa kupukutisha majani. Lenga shina: maneno mawili, na hakuna wa kuuliza swali.

Nafsi ya maandishi haya nayo yafaa kutazamwa. Inamwamuru mtu mmoja, bila tafadhali wala salamu. Katika maisha yetu ya kawaida, amri kavu kwa mkubwa ni utovu wa adabu. Kijana hamwambii bibi yake "toka" akabaki salama. Moto unafuta itifaki hiyo. Kilio chetu cha kale, "Moto! Moto!", hakina hata kitenzi. Ni nomino iliyorudiwa mara mbili, na mtaa mzima unajua la kufanya. Ndiyo maana mabango ya "mnaombwa kuzingatia taratibu za kutoka" yanasomeka kama barua ya mkutano, ilhali bango la dharura halina haja ya kuomba.

Chini ya picha nne kuna herufi: A, B, C. Hapa fani inageuka mtego. A ni vitu vikavu kama mbao, karatasi na nguo, na B ni vimiminika kama petroli. C je? Kwa utaratibu wa Ulaya, C ni gesi zinazowaka. Kwa utaratibu wa Marekani, C ni moto wenye umeme. Mafuta ya kupikia, Ulaya ni F, Marekani ni K. Maduka yetu yanauza mitungi kutoka pande zote za dunia, kwa hiyo herufi moja inaweza kuwa na maana mbili katika korido moja. Picha ndogo iliyo kando ya herufi, ya mwali au ya plagi, ndiyo inayoamua. Mkaanga chipsi asiyeijua alfabeti hiyo huchota maji. Maji yakigusa mafuta yanayowaka, yanageuka mvuke kwa ghafla na kurusha moto hadi darini. Alichohitaji ni kuzima jiko na kuifunika sufuria. Yeye amelelewa na methali isemayo dawa ya moto ni moto. Kama ushauri wa jikoni, methali hiyo ni hatari, lakini kama fani imekamilika, maana imepimwa pande mbili kama mizani ya sonara, na ndiyo maana haisahauliki. Sauti nzuri hudumu kuliko ushauri mzuri. Waandishi wa usalama wajifunze hapo.

Kuna andiko lingine dogo ambalo nalisifu bila masharti: geji. Ni upinde wenye rangi na mshale mmoja. Mshale ukiwa kwenye kijani, mtungi una presha. Hakuna lugha inayohitajika. Ila mitungi ya kaboni dioksaidi haina geji. Hiyo hukaguliwa kwa kupimwa uzito, kwa hiyo asiyeona mshale asidhani mtungi ni mbovu.

Sasa nifike kwenye pengo kubwa, maana mhakiki husoma pia yasiyoandikwa. Vitenzi vinne vyote ni vya kupigana. Hakuna cha kukimbia. Askari wa zimamoto huingia akiwa na kofia, koti zito, glavu, buti na hewa yake mgongoni, tena na mwenzake. Msomaji wa mtungi ana shati la nailoni linaloweza kuyeyukia ngozini, na mtungi wake wa kawaida hautoshi hata dakika moja. Andiko linamwita vitani bila kumwambia vita ipi si yake. Moto ukimzidi kimo, moshi ukitanda, au mlango ukiwa upande wa pili wa moto, kitenzi cha tano ndicho cha kwanza: toka.

Kitenzi hicho kimechorwa pengine, kwenye kibao cha kijani chenye mtu anayekimbilia mlangoni, mchoro uliotokana na kazi ya Mjapani Yukio Ota. Ni taswira fasaha, lakini ukweli wake unategemea mlango wenyewe. Machi 2001, katika sekondari ya Kyanguli, Machakos, Kenya, wanafunzi 67 walikufa kwa moto bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Mbele ya kufuli, kibao kizuri kuliko vyote kinageuka uongo.

Hukumu yangu ni hii: mtungi wetu umetungwa vizuri na mtu ambaye hakutufikiria, ukatafsiriwa vibaya na watu waliotufikiria kama ofisi. Dawa yake haina gharama. Vuta, lenga shina, bana, fagia. Ukishindwa, toka, kisha piga 114 kama uko Tanzania. Nenda leo kwenye mtungi ulio karibu nawe, uusome kwa sauti, ukiwa huna haraka.