Notsi Zetu za Kinjeketile

Safari hii nahakiki daftari. Ni daftari la jalada la bluu, lina notsi za tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, na limezunguka Nakivale kuliko kitabu chenyewe. Lilitoka Base Camp likafika Juru, likafika Rubondo, likapigwa picha kwa simu, na picha zikafika mpaka kwa vijana wetu wanaosoma Mbarara. Kurasa saba za kwanza niliziandika mimi. Basi kama kuna wa kulaumiwa, mtamwona hapa hapa.

Hali yetu mnaijua. Darasa letu la fasihi la Jumamosi lina vijana kumi na tisa na nakala moja ya kitabu, imenunuliwa Mbarara ikiwa imeshatumika, imeshikiliwa kwa solotepu. Anayetoka mbali kwa miguu hawezi kungoja zamu yake wiki tano. Kwa hiyo tuligawana kazi: mmoja anasoma na kuandika, wengine wananakili. Sitalisema vibaya jambo hilo. Bila notsi, nusu ya darasa wangelijua jina la kitabu tu.

Lakini siku moja niliuliza swali dogo: katika tamthilia, Kinjeketile anaishia wapi? Mikono ikapanda karibu yote. Jibu likawa moja: alinyongwa na Wajerumani mwaka 1905, mwanzoni mwa vita.

Hilo ni kweli, ila ni kweli ya historia. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa mwezi wa Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo vimeanza. Vita viliendelea mpaka 1907, na kuna wanahistoria wanaokadiria kwamba watu hadi 300,000 walikufa, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na chakula kuchomwa. Kinjeketile wa Hussein ni mtu mwingine. Huyu yuko hai hata baada ya watu wake kushindwa. Yuko mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa. Akili yake iko kwa watoto watakaokuja: akikana, wataambiwa kwamba wazee wao walipigania upuuzi. Mwandishi mwenyewe, mwanzoni mwa kitabu, anatuonya tusiwachanganye hao wawili, wa historia na wa jukwaani. Onyo hilo daftarini halimo. Niliruka utangulizi kwa sababu nilikuwa na haraka.

Nikalifungua daftari nitafute nani kaharibu. Kumbe ni mwandiko wangu! Niliandika habari ya kunyongwa pembeni, kama maelezo ya historia. Aliyenakili wa kwanza akaisogeza ndani. Wa pili akaiweka chini ya kichwa "Mwisho". Wa tatu hakuwa na sababu ya kutilia shaka, maana ilikuwa kwa wino, tena imepigiwa mstari.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, na hilo halikutokana na haraka. Ni namna tulivyofundishwa kuandika notsi: dhamira, wahusika, sifa za wahusika, mafunzo. Chini ya Kinjeketile niliandika: jasiri, kiongozi, mshirikina, mzalendo. Maneno manne, kila moja na namba yake. Mwenye kusoma hayo atadhani mtu huyu alikuwa hivyo tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Kitabuni sivyo. Kwanza anatoka majini na neno la Hongo, anaamini, na watu wa makabila yaliyokuwa hayaaminiani wanakubali kuwa kitu kimoja. Halafu analitafakari neno lile. Limo jambo la kuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, naye anajiuliza: huu ni ukombozi gani, wa kumtoa bwana mmoja na kumwingiza mwingine? Anawaomba watu wangoje. Lakini neno limeshatoka mdomoni, limeshakuwa na miguu yake. Watu hawalisikilizi tena lile la pili. Wanataka vita.

Mtu anayeshindwa kulirudisha neno lake mwenyewe, huyo ndiye moyo wa tamthilia. Huwezi kumweka kwenye orodha ya sifa, kwa sababu orodha haina "halafu".

Sasa niwaambie jambo lililoniuma. Nilipokuwa nalinganisha nakala za daftari, nilikuta katika nakala moja ya zamani sentensi ya penseli, pembeni mwa mahali pa kugawa maji. Imeandikwa: "Kaka yangu naye walimnyunyizia. Alirudi mara mbili, ya tatu hakurudi." Aliyeandika ni kijana mpole wa darasa letu, ametoka Kivu ya Kusini. Katika nakala zote zilizofuata, sentensi hiyo haipo. Nilimwuliza msichana mmoja aliyenakili, kwa nini aliiacha? Akanijibu bila ubaya: "Yaya, ile haikuwa jibu."

Tuifikirie hiyo kauli. Wengi wetu tumetoka mashariki ya Kongo, na habari ya Mai-Mai na dawa ya maji hatukuitoa kitabuni. Wazee wetu wanakumbuka Simba wa mwaka 1964 walivyoingia vitani wakilia "Mai Mulele". Hapa hapa Uganda wapiganaji wa Alice Lakwena walipakwa mafuta ili risasi zisiwaingie, mpaka waliposhindwa karibu na Jinja mwaka 1987. Kama kuna watu wanaoweza kuisoma Kinjeketile mpaka kwenye mfupa, ni watoto wa kambi hii. Na sisi tulipokuwa tunashirikiana notsi, tulihifadhi kosa langu tukafuta usomaji wa huyu kijana. Kosa lilifanana na jibu la mtihani, ndiyo maana likapona. Ile ya penseli ilifanana na msiba wa mtu.

Tangu hapo tumebadilisha mambo machache. Ukurasa wa daftari una mstari katikati: kushoto ni kinachosemwa na kitabu, pamoja na namba ya ukurasa, kulia ni unachosema wewe. Kila mwandishi anatia herufi za jina lake, ili tujue wa kumwuliza. Hakuna kunakili onyesho ambalo hatujalisoma kwa sauti pamoja, maana hii ni tamthilia, iliandikwa isikike. Na mwisho wa kila onyesho lazima pawe na swali moja ambalo mwandishi wa notsi hana jibu lake.

Wote hawakufurahi. Tumekuwa wa polepole, na mmoja aliniambia wazi kwamba mtihani hauulizi habari za kaka ya mtu. Ni kweli, hauulizi. Sikuweza kumshinda kwa hoja hiyo. Nilimwambia tu kwamba namba ya ukurasa itamsaidia hata kwenye mtihani, akakubali nusu.

Kijana wa Kivu nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika haya. Alisema niandike, lakini nisitaje jina. Sentensi yake imerudi daftarini, upande wa kulia, kwa wino sasa. Chini yake wengine watatu wameandika zao.

Lile kosa langu nimelikata kwa kalamu nyekundu, nikapiga picha mpya, nikazituma kote. Juzi dada mmoja wa Mbarara kanitumia notsi kwenye simu, ati zinisaidie kufundisha. Nikazifungua. Chini ya "Mwisho": alinyongwa 1905.