Samaki Mkavu na Gitaa

Wahenga wetu wametuachia methali mbili zinazogombana, nasi tumezitumia zote mbili bila ya kuamua ugomvi wao. Ya kwanza yasema: Samaki mkunje angali mbichi. Ya pili yasema: Haba na haba hujaza kibaba. Ya kwanza humfungia mtu mzima mlango. Ya pili humwachia ufa. Kitabu ninachokusudia kukihakiki hapa hakikuandikwa kwa Kiswahili wala hakikuwakusudia wasomaji wa pwani, lakini tangu mwanzo hadi mwisho wake kinashughulika na ugomvi huo huo. Kinaitwa Guitar Zero, kilitoka mwaka 2012, na mwandishi wake ni Gary Marcus, wakati huo akiwa profesa wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha New York.

Kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia. Bwana huyu alipokuwa akikaribia umri wa miaka 40 aliamua kujifunza gitaa. Hakuwa na kipaji. Kwa maelezo yake mwenyewe, hata kufuata mapigo kulimshinda tangu utotoni. Kilichomwamsha kilikuwa mchezo wa kompyuta ambao mchezaji hubonyeza vitufe vya rangi kuufuata muziki. Alipoona kwamba mazoezi yanamfaa katika mchezo, akatamani chombo cha kweli, akatumia likizo yake ya utafiti kujisomesha. Kwa hiyo kitabu kina nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja: habari za mwanafunzi mwenye vidole vizito, na habari za sayansi ya ubongo unaojifunza.

Uzi wa pili ndio wenye nguvu zaidi, na ndani yake yumo ndege tunayemjua. Kwetu bundi ni ndege wa mkosi. Akilia juu ya paa, waliomo ndani hunong'ona. Katika maabara ya Eric Knudsen, katika Chuo Kikuu cha Stanford, bundi alileta habari nyingine. Ndege huyu huwinda usiku kwa kuoanisha anachokisikia na anachokiona. Watafiti waliwavika bundi miwani iliyosogeza kila kitu upande mmoja. Makinda walizoea, na masikio yao yakafuata macho. Bundi wazima hawakuweza. Hapo methali ya samaki ilikuwa imeshinda. Lakini mwaka 2002 Brian Linkenhoker na Knudsen walionyesha kwamba bundi mzima akisogezewa dunia kidogo kidogo, hatua kwa hatua, hujifunza kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko mwenziwe aliyetwikwa mzigo wote kwa mara moja. Hicho ndicho kibaba, nacho kimejazwa.

Marcus anastahiki sifa kwa namna anavyomtumia bundi huyu. Hasemi kwamba umri si kitu, wala haungi mkono wanaodai kwamba mazoezi peke yake humfanya kila mtu gwiji. Anakiri kuwa vipaji vipo. Asemacho ni kwamba mlango haukufungwa, ila umekuwa mwembamba, na apitaye hana budi kupita ubavu. Vilevile anaeleza kwa uaminifu kwa nini gitaa ni chombo kigumu kwa akili. Katika piano kila sauti ina kitufe chake kimoja. Katika gitaa sauti ile ile hupatikana pahala pengi shingoni. Isitoshe, nyuzi sita zina nafasi tano baina yao, na nafasi nne kati ya hizo ni sawa, ila moja imepunguzwa, ile iliyo baina ya uzi wa tatu na wa pili. Anayedhani ameshaijua njia hujikwaa hapo hapo kila siku.

Nayasema haya si kwa kusoma tu. Nilianza kulishika gitaa nikiwa na miaka 57. Nilikuwa nikifunga dirisha kwanza, kisha mlango, ndipo nikakaa. Sikuogopa kelele, niliogopa majirani kuulizana imekuwaje mzee mzima yule. Vidole viliuma wiki za mwanzo, baadaye vikaota sugu, na maumivu yakaisha. Aibu haikuota sugu. Na hapa ndipo kitabu kinaponipungukia.

Mwandishi anamlinganisha mtoto na mtu mzima kwa ubongo, kwa muda na kwa subira. Anataja kwamba mtoto huweza kurudia jambo moja mara mia bila ya kuchoka. Lakini halitii uzito wa kutosha jambo lililo wazi kwa kila aliyeanza akiwa amechelewa: sikio la mtu mzima limetangulia mkono wake kwa miaka mingi. Mtoto akipiga vibaya hasikii ubaya wote. Mimi nimesikiliza udi, kanuni na fidla tangu nilipokuwa nikibebwa mgongoni. Nimekesha kwenye maharusi. Najua wimbo umefika au haukufika. Sikio hilo, lililokuwa starehe yangu, siku niliyoshika gitaa liligeuka hakimu. Watu wazima wengi huacha, nadhani, si kwa sababu hawajifunzi bali kwa sababu wanajisikia.

Ajabu ni kwamba dawa imo ndani ya kitabu chenyewe. Marcus alikwenda kambi ya muziki ya watoto wakati wa kiangazi, akaingia katika bendi pamoja na wanafunzi ambao angeweza kuwazaa. Hicho ndicho kisa kizuri kuliko vyote kitabuni, kwa kuwa kwa mara ya kwanza profesa hajipimi, anawahitaji wenziwe. Nami yalinikuta. Mjukuu wangu wa miaka 11 alinifungulia mlango bila ya hodi, akalichukua gitaa, na kwa juma moja akapiga nilichokihangaikia miezi miwili. Kisha akanirudishia, akakaa mkekani kunisikiliza. "Babu," aliniambia, "unakimbia. Ngoja mkono ukufikie." Hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza kosa langu kwa ufupi kama huo. Tangu siku hiyo dirisha halifungwi.

Mwishoni mwandishi analigusa swali la faida: mtu mzima asiyetarajia kupanda jukwaani anajifunza kwa ajili ya nini? Jibu lake ni furaha ya kujikuza nafsi. Silikatai, lakini naliona fupi, kwani linaishia kwa mwenye gitaa. Wasomaji wa jarida hili wana jibu lililo pana zaidi, na wanalo kutokana na ushairi. Mtu aliyewahi kujaribu kutunga ubeti mmoja wa shairi, mizani nane kwa nane, akakwama kwenye kina cha kati usiku kucha, akaishia kuutupa, hamsomi tena Muyaka kama alivyokuwa akimsoma. Ubeti wake umekufa, lakini usomaji wake umefufuka. Sasa anajua pale mshairi alipopita kirahisi palikuwa na mwamba.

Ndivyo ilivyonitokea kwa muziki. Nyimbo za dansi nilizozisikia maisha yangu yote zilikuwa kitu kimoja kilichofungana. Baada ya mwaka wa kupiga vibaya, zilifunguka. Nikalisikia gitaa la ridhimu likikaa chini kwa adabu ili la solo lipate kusema. Nikazisikia nafasi ambazo mpigaji aliziacha makusudi, na nikatambua kwamba kuacha ndiko kugumu. Sikuwa mpigaji, wala sitakuwa. Nimekuwa msikilizaji, jambo ambalo kwa nusu karne nilidhani nimekuwa.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya Guitar Zero ni hii. Kama kitabu cha sayansi kwa msomaji wa kawaida, kimesimama imara: lugha yake ni nyepesi, mifano yake inakumbukika, na mwandishi haoni haya kujicheka. Kama kitabu cha muziki, kinaishia ukumbini, hakiingii ndani. Kimelijibu vizuri swali la kama inawezekana, kikalipita haraka swali la nani anayenufaika. Hata hivyo ningependa kimfikie kila aliyestaafu na kila mama aliyemaliza kulea, na hasa wale ambao zamani waliambiwa kwamba wao si watu wa muziki wakaamini.

Na methali zetu je? Ya samaki ni ya kweli kwa samaki. Waliotutungia walikuwa wavuvi na wapishi, walijua walilolisema. Kosa ni letu tulioitoa jikoni tukaifanya hukumu ya binadamu. Tena hata jikoni, mpishi yeyote wa pwani anajua kwamba samaki mkavu hatupwi. Hurowekwa usiku kucha, na kesho yake mchuzi huwa na ladha ambayo mbichi hana.