Mikono ya Mtoto wa Mwashi

Huko Crawford, kijiji cha jimbo la Mississippi, Joe Nathan Rice alilisha familia yake kwa kazi ya uashi, na wanawe walimsaidia. Jerry, aliyezaliwa mwaka 1962, alisimama juu ya jukwaa la ujenzi huku ndugu zake wakimrushia matofali kutoka chini, naye akiyadaka kwenye jua kali. Aliyewahi kuwa saidia fundi anajua kuwa tofali halishindaniwi nguvu. Viganja hulilaki, vikarudi nalo nyuma kidogo, la sivyo linachuna ngozi.

Mikono hiyo ndiyo iliyomzaa mdakaji bora kuliko wote katika futiboli ya Kimarekani. Timu ya San Francisco 49ers ilimchukua mwaka 1985 kutoka Mississippi Valley State, chuo kidogo cha Wamarekani Weusi, ingawa wapo waliodai hana mbio. Msimu wa kwanza mipira ilimponyoka mara kwa mara, na mashabiki wakamzomea.

Jibu lake lilikuwa kazi, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Mazoezini, hata akipewa pasi fupi kabisa, hakuidaka akasimama: alikimbia na mpira mpaka mstari wa mwisho, kila mara, kana kwamba uwanja umejaa watu. Ligi ikifungwa, alipanda mbio kilima cha Edgewood, kusini mwa San Francisco, njia ya kama kilomita 4. Lakini ufundi wenyewe ulikuwa katika hatua. Alianza kila mkimbio kwa namna ileile, beki asijue kama atanyoosha mbele au atakata ndani. Na alipokata, hakupunguza mwendo. Mwenye mbio kumzidi alijikuta ameshaachwa, amegeukia upande usio wake. Mpira ulipofika, viganja vilikuwa tayari kuulaki.

Januari 1989, kwenye fainali ya Super Bowl dhidi ya Cincinnati Bengals, alidaka mara 11 na kupata yadi 215, akiwa na maumivu ya kifundo cha mguu. Akachaguliwa mchezaji bora wa fainali.

Alicheza misimu 20, hadi akapita umri wa miaka 40. Yadi alizopata kwa kudaka ni 22,895, karibu kilomita 21, zilizokusanywa kipande kwa kipande mbele ya wanaume wanaolipwa kumwangusha. Larry Fitzgerald, anayemfuata kwa wingi wa yadi, alistaafu akiwa nyuma yake kwa zaidi ya yadi 5,000.