Ufundi wa Kuwasha Nuru Mahali Pake

Mchimbaji wa tanzanaiti akianza kukohoa kule Mererani, haijulikani mara moja kama ni vumbi la mawe, kifua kikuu, au vyote viwili. Makohozi yake yakiingizwa kwenye mashine ya GeneXpert, mathalani katika hospitali ya Kibong'oto, mashariki ya Mlima Meru, jibu hutoka katika muda wa saa mbili hivi, nalo husomwa kwa nuru. Katika kipimo cha kwanza cha kifua kikuu cha mashine hiyo mna nyuzi tano za kutegea DNA ya bakteria, kila moja imejikunja: ncha hii ina rangi ing'aayo, ile ina kizimio. Uzi ukikutana na DNA inayolingana nao hujikunjua, rangi ikaachana na kizimio, ikawaka. Mmoja ukibaki gizani ilhali wenzake wamewaka, jeni ya bakteria iitwayo rpoB imebadilika, na huenda dawa ya rifampisini isimfae mgonjwa. Nausifu mno ufundi huu unaolifanya hata giza litoe ushahidi. Sanjay Tyagi na Fred Kramer walichapisha ubunifu wa nyuzi za aina hii mwaka 1996.

Hata hivyo, kinachonivuta zaidi ni polima, yaani molekuli iliyo mnyororo mrefu, kama zile za plastiki. Plastiki tuliyoizoea huzuia umeme. Heeger, MacDiarmid na Shirakawa walipata Nobel ya mwaka 2000 kwa kuonyesha kwamba ipo inayoupitisha. Baadhi ya jamii hiyo pia hung'aa. Mwanga ukiipiga popote, nguvu yake husafiri kwenye mnyororo hadi ipate pa kutokea, kama mfereji unavyokusanya maji ya mteremko na kuyafikisha kwenye shamba moja.

Mwaka 2002, huko Santa Barbara, Marekani, watafiti Gaylord, Heeger yuleyule na Bazan walitumia polima ya aina hiyo, yenye chaji chanya, pamoja na uzi wa kutegea usio na chaji, ili kutambua DNA. Uzi ukiwa peke yake, polima haiukaribii. DNA inayotafutwa ikiushika, huja na chaji zake hasi. Polima huvutwa, nguvu ya nuru yake ya buluu ikahamia kwenye rangi iliyofungwa kwenye uzi, ikatoka kijani. Ni werevu ulioje!

Tatizo la kuitumia njia hii kupima kifua kikuu ni makohozi yenyewe: yamejaa protini na DNA ya mgonjwa, na polima hunata kwenye chochote chenye chaji hasi. Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru inafundisha sayansi ya vifaa na sayansi ya uhai pia, na kazi hii inazihitaji zote mbili. Natamani vijana wake watengeneze mnyororo usiodanganyika, ili mchimbaji apimwe palepale Mererani na kupewa dawa kabla hajarudi shimoni.